Mwaka Niliompisha Zuhura

Waliokuwepo siku ya kumaliza matanga ya Agripina ni hawa. Nilikuwepo mimi, Skolastika, ambaye wote huniita Skola, niliyecheza naye mpira wa kikapu mwaka mmoja tukiwa wasichana. Alikuwepo Zuhura wa Makambako, aliyecheza upande wa pili mwaka huohuo, ambaye Agripina alimwangusha, au ndivyo ilivyosemwa. Alikuwepo Veneranda, aliyekuwa anacheza kushoto kwangu. Siku hizi hasikii vizuri lakini bado anacheka kabla ya wengine. Alikuwepo Mwalimu Tumaini, mjukuu wa Agripina kwa binti yake wa kwanza, anayefundisha sekondari hapa Njombe na kuwafunza wasichana wake mpira huohuo. Wengine walikuwa majirani, wanakwaya na watu wa jumuiya. Hao nao nawajua wote kwa majina, ila hawamo katika habari hii. Sista Ludovika aliyetufundisha hakuwepo, amezikwa siku nyingi. Sista Kresensia, mkuu wa kituo, naye vivyo hivyo. Na Mama Teodosia wa jikoni, naye marehemu, ambaye kama angekuwepo angelalamika kwamba maharage yametiwa chumvi kabla hayajaiva.

Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba karibu na mafiga, mimi na Zuhura kwenye mkeka mmoja, blanketi moja magotini, kwa kuwa baridi ya mwezi wa sita Njombe haimuulizi mtu ametoka wapi. Tumaini akatuletea chai, akachuchumaa mbele yetu. "Shikamooni, bibi zangu." Tukamwitikia. "Bibi Skola, marehemu alisema wewe ndiye ulikuwa unakaa mbele, unamkaba mwenye mpira. Sasa nisaidie. Wasichana wangu wana mbio, wana pumzi, mazoezi hawakosi. Lakini mtu akija anadunda mpira, anawapita kama hawapo. Anapenya mpaka chini ya goli. Kila siku. Kwa nini?" Zuhura akaweka kikombe chini, akanitazama kwa jicho lake lile la pembeni. "Mwambie mtoto," akasema. "Leo mwambie." Mimi nikamwambia habari ya miguu, kwamba wasisimame wima, wasipishanishe miguu, nikaishia hapo kwa kuwa watu walikuwa wanaitwa kula. Lakini jibu lenyewe si la kikombe kimoja cha chai. Jibu ni mwaka mzima, na ndani yake kuna jambo ambalo Agripina amekwenda nalo kaburini akiliamini, na halikuwa kweli. Aliamini kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nami niliyejua nilikuwa nakutana naye kila Jumapili baada ya misa.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa jikoni kwenye kituo cha misheni nje kidogo ya mji. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne, habari za nyumbani tuziache. Reli ilikuwa bado mpya Makambako, watu walikwenda kuitazama tu, wakarudi wakaeleza. Jikoni petu palikuwa na vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa cha kuni na magunia ya viazi, giza na harufu ya udongo. Cha nje kilikuwa na majiko mawili makubwa, na ukuta wake ulikuwa mweusi mpaka unang'aa, ukiugusa unatoka na wino. Dirisha moja lilitazama uwanjani. Nikisema uwanja msifikirie sakafu. Ulikuwa udongo ulioshindiliwa, ulioinama kidogo kuelekea kwetu, umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa ili masista wasikanyage maua, na kila upande nguzo ya mti wa mwati yenye ringi iliyotoka kwenye pipa. Mpira ukimtoroka mtu uliteremka wenyewe mpaka mlangoni kwa Mama Teodosia, naye aliusimamisha kwa mguu bila kugeuka, akaendelea kuchambua maharage. Asubuhi za ukungu hukuona kitu dirishani. Ulisikia mpira tu, du, du, du, mara karibu, mara mbali, kisha msichana mmoja akatokea kwenye weupe ule, sketi na sweta, akapita, akayeyuka tena. Mpaka leo nikiamka na ukungu upo nje, huwa nautegea sikio kwanza kabla ya kushuka kitandani.

Agripina alikuwa mwanafunzi wa ushoni, ametoka Lupembe kwenye chai. Alikuwa mrefu kuliko wote, na mikono yake iliganda upesi. Mkono ulioganda haushiki sindano, kwa hiyo saa nne kila siku alikuja jikoni akaikumbatia sufuria ya uji kama mtoto wake. Mama Teodosia alimgombeza: "Wee mlingoti, ondoka hapo, unanizibia mwanga." Hakuondoka. Nilimwekea ukoko wa ugali chini ya sahani, ule wa kuungua kidogo upande mmoja, akautafuna taratibu huku ananisomea barua za watu, maana wasichana wote walimpa barua zao azisome kwa sauti nzuri. Alikuwa amebakiza miezi michache apate cheti chake na cherehani. Mwanafunzi aliyemaliza alipewa cherehani ya mkono aende nayo kwao, na Agripina alikuwa ameshachagua ni ipi, ile yenye ua la dhahabu lililofutika nusu. Alikuwa anaipaka mafuta hata isipokuwa zamu yake.

Jinsi nilivyoingia kwenye timu ni kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi wa jirani waliijua bustani ya kabichi ya masista kama wanavyoijua nyumba yao, na kazi ya kuwazuia ilikuwa yangu. Sikuwafukuza. Ukimfukuza mbuzi anazunguka anaingia kwingine. Mimi nilikuwa nasimama mbele yake, nimeinama, mikono wazi, akienda kulia nipo, akienda kushoto nipo, mpaka anachoka anatafuta nyasi nyingine. Siku moja Sista Ludovika alikuwa anapita na kikapu cha nguo, akasimama. Alikuwa mfupi, mnene, anatembea haraka kama aliyesahau kitu jikoni, na mpira wa kikapu aliujua tangu chuo cha ualimu. "Skola," akaniita, "nani amekufundisha hivyo?" Nikasema, "Mbuzi, sista." Jioni ile nikawa uwanjani pamoja na Agripina, Veneranda, Yustina na Kolumba, nimefunga kanga juu ya gauni, miguu mitupu.

Basi ndipo ulipoanza mshangao. Mbuzi hawakunipita hata mmoja. Watu walinipita wote. Kolumba, ambaye alikimbia kama amebeba ndoo kichwani, alinipita. Sista Ludovika alinisimamisha katikati ya uwanja. "Unatazama wapi?" "Mpira, sista." "Mpira ni mwongo, unakuita huku mwenyewe anakwenda kule. Mtazame tumboni. Kitovu. Kichwa kinaweza kudanganya, mabega yanaweza, kitovu kinakwenda na mwenyewe." Wasichana wakaangua kicheko. Yustina akauliza, "Sista, nimtazame mtu kitovu mbele za watu?" Mama Teodosia akapaza sauti kutoka mlangoni: "Mkimaliza huko msije kunitazama mimi!" Sista naye akacheka, lakini hakuliacha jambo lenyewe. Alinifundisha kukaa chini kama mtu anayetaka kukaa kigodani akakuta hakipo. Alinifundisha kusogeza miguu bila kuipishanisha. Alinikataza kupeleka mkono kuuiba mpira, kwa sababu mkono ukienda mbele miguu inalala. Yote niliyashika. Bado nikapitwa. "Mbuzi hapiti, mtu anapita," akasema, ametia mikono kiunoni. "Kwa nini, Skola?" Sikujua.

Sasa najua, na ndiyo niliyotaka kumwambia Tumaini. Sisi tumekulia kwenye njia nyembamba za mlimani. Unakutana na mtu mzima, wewe ndiye unayetoka njiani. Hufikiri. Mguu wa juu unapanda ukingoni, bega linageuka, macho yanashuka chini, unaamkia, kamwene, anapita na mzigo wake, unarudi njiani. Tangu najifunza kutembea nilikuwa nafanya hivyo mara kumi, ishirini kwa siku. Mtu akinijia kwa haraka, mwili wangu ulikuwa umeshatoka njiani kabla mimi sijaamua. Mbuzi sikuwa namwamkia, ndiyo maana hakupita. Na jambo la pili, ambalo ni baya zaidi: nyuma yangu alikuwepo Agripina. Kila aliyenipita alimkuta yeye chini ya goli, amesimama, mikono juu, kama mlango wa pili. Nikipitwa, nilisikia nyuma yangu mpira ukigonga viganja vyake, pa, na roho yangu ikatulia. Mtu akijua kuna mlango wa pili, wa kwanza anaurudishia tu, hafungi komeo.

Makambako walikuja Jumamosi moja alasiri, ndani ya lori la baba yake Zuhura, juu ya maturubai, wanaimba. Wakashuka wakijikung'uta vumbi, nasi tukawatazama kama watu waliotoka nchi nyingine, na kweli walikuwa mchanganyiko, wengine wazazi wao wametoka pwani, wengine Kigoma, wengine sijui wapi, wafanyabiashara na watu wa magari. Kiswahili chao kiliteremka kama maji. Chetu tulikuwa tumejifunza darasani, chini yake kuna Kibena, ukikwaruza kidogo kinatokea. Zuhura alikuwa wa mwisho kushuka. Alikuwa na suruali ndefu chini ya gauni, kitambaa cha kijani kimefungwa nyuma ya kichwa, na mkononi saa. Saa ile ndiyo iliyoniponza. Msichana mwenye saa sikuwahi kumwona. Nikaona huyu ni mtu mzima. Tulipopangwa katikati kupeana mikono, nikampigia goti mbele ya watu wote. "Shikamoo, dada." Akanitazama, kisha akatabasamu upande mmoja. "Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?" Wenzake wakajikunja kwa kicheko. Nyuma yangu nikamsikia Agripina akinong'ona, "Skola, wewe mjinga, sasa utamkaba vipi mtu uliyemwamkia?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Zuhura alipokuja na mpira mara ya kwanza, anadunda chini chini, karibu na goti, aliinamisha kichwa kidogo akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Nipishe, mdogo wangu." Nikampisha. Siyo kwamba alinizidi mbio. Mguu wangu wa kushoto ulitoka njiani wenyewe, bega likageuka, naye akapita palepale nilipokuwa. Wakati nageuka, Agripina alikuwa ameshauzuia mpira. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu niliuma meno, nikatazama kitovu, nikakaa chini, naye akanong'ona tena, "Naomba njia," na mguu ukatoka. Watu waliokuwa pembeni hawakusikia maneno hayo. Waliona tu mgeni anapita na Agripina anamzuia. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kutoka kwenye miwati, ukaingia uwanjani kwa miguu yake, kimya, mpaka goli la upande wa kanisa likawa linaelea bila nguzo. Nakumbuka nilijisikia niko mbali, kama natazama kutoka dirisha la jikoni.

Mara ya mwisho alikuja kwa kasi kuliko zote. Hakusema kitu safari hii, na hilo nataka lijulikane. Nilimpisha bila kuombwa. Niliuona mguu wangu ukitoka, nikawaza, kwa maneno haya kabisa, Agripina yupo. Alikuwepo. Alikuwa amefika mbele yake, miguu imetua, mikono juu, hakuisogeza mbele wala chini. Zuhura akamgonga kifuani kwa kasi yote ile niliyompa mimi, akarudi nyuma, uwanja ukamteremsha, akaanguka juu ya mawe ya chokaa. Tukasikia mkono wake ukivunjika. Mpira uliendelea kuteremka peke yake mpaka mlangoni, na Mama Teodosia, mara hiyo moja tu, hakuusimamisha.

Watu humwona aliyekuwa karibu mpira ulipokwama. Hawamwoni aliyeacha mlango wazi hatua kumi nyuma. Kabla Zuhura hajainuliwa nilishasikia maneno pembeni. "Yule mrefu kamsukuma." "Kamsukuma kwa mikono miwili, nimeona." "Mgeni! Mgeni wa watu!" Sista Kresensia alikuwa mwanamke mwenye haki, lakini kwake mgeni alikuwa kama sakramenti, na mgeni alikuwa ameumizwa katika kituo chake. Jumapili baada ya misa akatoa neno: Agripina afungashe sanduku, Jumamosi arudi Lupembe na lori la chai. Cheti hakuna, cherehani hakuna. Sista Ludovika alijaribu kumtetea, tukamsikia kupitia ukuta wa chumba cha kulia, sauti yake inapanda, ya mwenzake haipandi. "Ulikuwa umesimama upande gani, sista?" "Upande wa kanisa." "Uliona miguu yake, na ukungu ule?" Kimya. "Basi."

Jumatatu saa nne Agripina alikuja jikoni kama kawaida, akaikumbatia sufuria. Nilimpa ukoko, hakuutafuna, aliushika tu. Macho yake hayakuwa na machozi, yalikuwa kama ya mtu anayehesabu mishono. "Skola," akasema, "mimi sikumbuki kumsukuma. Lakini wote wanasema nimemsukuma, basi labda mikono ilikwenda yenyewe." Akaigeuza mikono yake akaitazama. "Hivi yule alikuwa anapitaje kwako?" Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema. Sentensi moja tu. Nikasema, "Ana wepesi." Akatikisa kichwa kukubali. "Kweli, ana wepesi," akasema, akarudi kushona. Niliogopa, ndivyo ilivyokuwa. Msichana wa jikoni hana cheti cha kupoteza, lakini ana mahali pa kulala.

Jumatano tulikwenda Makambako kumpa mgonjwa pole, Mama Teodosia na mimi, juu ya gari la viazi. Tulichukua debe la maharage na kuku. Kuku tulimpeleka hai, miguu imefungwa, kwa kuwa Mama Teodosia alijua wenyewe huchinja kwa utaratibu wao, na njia nzima alikuwa anamsemesha yule kuku kama abiria mwenzetu. Upepo wa Makambako hauna mlima wa kuusimamisha. Ulitupiga vumbi mpaka kwenye meno. Nyumba ya akina Zuhura ilikuwa ndefu, vyumba vimefuatana kama mabehewa, mapazia mlangoni, na ndani harufu ya iliki na ya mafuta ya magari pamoja. Mama Teodosia akabaki ukumbini na mama wa nyumba, mimi nikapelekwa kwa mgonjwa. Walituletea wali wa nazi. Nazi zilikuwa zimekuja kwa treni. Sikuwahi kula wali wenye utamu usio wa sukari, nikala polepole, punje kwa punje, huku napitisha macho chumbani: kitanda cha chuma, kioo, picha ya meli ukutani, na Zuhura ameegemea mto, mkono umefungwa kwa vibao na bandeji, saa ameihamishia mkono mwingine.

"Shikamoo, dada," nikasema. Akacheka mpaka akashika mkono wake kwa maumivu. "Usinichekeshe. Umezaliwa lini wewe?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole vya mkono mzima. "Mimi mdogo kwako! Miezi minne! Saa yenyewe ni ya kaka yangu." Nilitamani wali unifunike. Kupitia pazia nikamsikia mama yake akimwambia Mama Teodosia, "Huyu wangu kakua mbele ya magari, hana breki," na Mama Teodosia anajibu, "Na sisi yule wetu mrefu anarudishwa kwao Jumamosi, mtoto wa watu, kwa huohuo mpira." Zuhura akaacha kucheka. "Anarudishwa kwa nini?" "Kwa kukusukuma." "Nani kanisukuma? Alikuwa amesimama kama nguzo. Nimemgonga mimi." "Mbona hujasema?" "Nani ameniuliza?" Akanitazama kwa muda. "Nikwambie navyopita watu? Sitazami mpira, mpira naujua upo. Nakutazama wewe miguuni. Wengine nawadanganya kulia, nakwenda kushoto, napata kazi. Wewe sikuwa na kazi. Mguu wako ulikuwa unaniambia karibu ndani." Akashusha sauti. "Mimi nitamwambia baba apeleke neno kwa yule sista mkubwa. Nitasema yangu. Na wewe utasema yako?" Nikasema nitasema. Treni ikapiga honi huko nje, ndefu, na sote wawili tukanyamaza mpaka ilipokwisha, kama watu wanaosubiri mzee amalize kuongea.

Nilisema. Nawaambia hili nisionekane mbaya kuliko nilivyokuwa. Ijumaa Sista Kresensia aliingia jikoni kuonja maharage, kama alivyofanya kila Ijumaa. Mama Teodosia alikuwa chumba cha kuni. Nikasema, "Sista, Agripina hakusukuma. Mimi nilimpisha yule mgeni. Nilimpisha kwa makusudi ya mguu, nikijua Agripina yupo nyuma." Maneno yalitoka hivyo, makusudi ya mguu, sikuwa na mengine. Alishika kijiko hewani. Akaonja. Akasema, "Chumvi bado," akatoka. Asubuhi ya Jumamosi lori la chai lilikuja, likaondoka, na sanduku la Agripina likarudishwa bwenini. Kama ni neno langu au la baba yake Zuhura, sijui hadi leo. Mimi jikoni sikufukuzwa, wala hakuna aliyenitajia. Agripina akaamini ni Sista Ludovika aliyemwombea, akamshukuru mpaka sista anazeeka, akamshonea na shuka.

Cherehani yenye ua aliipata. Lakini uwanjani hakurudi. Sista Ludovika alimbembeleza, sote tulimbembeleza. "Hapana," alisema, "mikono yangu inaumiza watu." Nikawa nacheza bila mlango wa pili, na hapo ndipo nilipojifunza kukaba. Sikujifunza kwa kufundishwa. Nilijifunza kwa kusikia kimya nyuma yangu. Mwisho wa mwaka, mkono wa Zuhura umepona, tulikwenda Makambako. Upepo ulikuwa unauchukua mpira juu ya vumbi kama unauchagulia njia. Zuhura akaja, chini chini, akasema, "Nipishe, mdogo wangu." Nikasema, "Mdogo ni wewe." Mguu wangu ulitaka kutoka, nikausikia ukitaka, nikaukataza, nikabaki. Akagongana nami, akarudi nyuma, akacheka kwa sauti. Alinipita baadaye, tena mara nyingi, kwa sababu mwenye mpira anajua anakokwenda na wewe unaambiwa baadaye. Hakuna mlinzi asiyepitwa, Tumaini awaambie hivyo wasichana wake wasijichukie. Lakini sikumpisha tena. Agripina alikuwa pembeni amepakata masweta yetu yote, anapiga makofi kwa ajili yangu, uso umejaa furaha, nami nikawaza, leo tukirudi kwenye gari nitamwambia. Kwenye gari alilala begani kwangu. Nikasema nitamwambia kesho.

Siku ya matanga, baada ya watu kula, Zuhura alinivuta kanga. "Unajua kila Idi alikuwa ananitumia viazi? Na kila Idi salamu ni ileile, nimsamehe kwa ule mkono. Mimi namwambia mwenzangu, hukunisukuma. Anasema, unasema hivyo kwa wema wako." Ndipo nikamwita Tumaini aje akae. Nikamwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa, Veneranda akiuliza "Anasemaje? Anasemaje?" na Zuhura akimrudia sikioni. Tumaini akasema, "Bibi, jezi zote za timu yangu amezishona yeye. Kila mwaka. Lakini hajawahi kuja uwanjani kututazama, hata mara moja. Nilidhani mchezo haupendi. Alisema akikaa karibu na goli ataumiza mtu."

Ninyi mliokuwepo siku ile ya ukungu, mliosimama upande wa kanisa au upande wa jikoni, najua wachache bado mnaishi, Kolumba uko Songea kwa mwanao, Yustina uko hapohapo Mjimwema. Kama nimekosea rangi ya kitambaa, au siku, au nani alisimama kushoto, nirekebisheni, umri umekwenda. Na kama kuna hata mmoja wenu aliyeona mikono ya Agripina ikisogea mbele, aje aniambie uso kwa uso. Mimi niliyekuwa karibu kuliko wote niliiona ipo juu, imetulia.